Mfundishe mtoto bakora kabla hajaiogopa

Mwulize mtoto wa darasa la tatu maana ya neno bakora. Yaelekea atataja kuchapwa, iwe ni bakora mbili za kuchelewa namba au nne za kutomaliza kazi ya nyumbani. Kwake bakora ni idadi ya maumivu.

Mwulize swali hilohilo mzee wa Bagamoyo anayetoka msikitini Ijumaa, kanzu imenyooka na kofia imekaa sawasawa. Atakuonyesha kilichomo mkononi mwake, mti laini uliopinda juu, uliong'aa kwa kushikwa miaka mingi. Kwake bakora ni heshima yake na mwenzi wa safari. Pia ni kinga yake dhidi ya mbwa wa mitaani na mtu mwenye nia mbaya.

Neno ni moja, lakini babu na mjukuu hawazungumzii kitu kimoja. Katikati yao kuna elimu iliyokuwa ikirithishwa pwani hii, elimu ya kuishika fimbo bila kumwumiza mtu. Mzazi anayelea leo kati ya Kunduchi, Bunju, Mapinga na Bagamoyo ana sababu ya kuitazama tena, kwa kuwa inagusa mambo matatu yanayomnyima usingizi: usalama wa mtoto njiani, hasira za kijana wa kiume, na wazee wanaoanguka nyumbani.

Fimbo yenye majina mengi

Lugha haiwi na majina mengi ya kitu kisicho na kazi. Kiswahili kina bakora, fimbo, kifimbo, mkongojo, henzirani, gongo na rungu, na kila moja lina mahali pake. Mkongojo ni wa kuegemea mwili ukichoka. Henzirani ni ufito mwepesi unaopinda bila kukatika. Gongo ni zito, la shari. Rungu hulibeba kijana wa Kimasai anayelinda duka usiku. Bakora ni ya mtu aliyevaa akapendeza, na bakora ya mti mweupe wa mtobwe ilijulikana pwani nzima.

Viongozi nao walijua lugha ya fimbo. Mwalimu Julius Nyerere alionekana mara nyingi hadharani na kifimbo chake, nacho kikawa sehemu ya sura yake kwa Watanzania. Hakikuwa cha kumpiga mtu. Kilitosha kuonyesha kwamba mwenye nacho ametulia.

Hata katika dini, fimbo haikuanza na kichapo. Katika kisa cha Nabii Musa kilichomo ndani ya Qurani, anapoulizwa alichonacho mkononi anajibu kwamba ni fimbo yake, anaiegemea, anaangushia majani kondoo wake, na ina matumizi mengine. Wakristo nao wanamjua Musa huyohuyo na fimbo yake. Kwa mchungaji, fimbo ni kwanza chombo cha kulinda.

Kirumbizi: kupigana bila kuumizana

Ukienda Lamu wakati wa maulidi au harusi, unaweza kuikuta ngoma ya kirumbizi. Ngoma zinalia, zumari inapiga, watu wamezunguka. Wawili wanaingia katikati, kila mmoja na fimbo yake. Wanazungukana, wanatishana, mmoja anapeleka pigo, mwenziwe analipokea kwa fimbo. Mti unalia juu ya mti. Baadaye mmoja anatoka, mwingine anaingia, na walioshindana wanarudi kukaa pamoja.

Asiyejua huona watu wanaocheza. Anayetazama kwa makini huona mafunzo. Macho hayaachi fimbo ya mwenzio wala mabega yake. Miguu haikai mahali pamoja. Pigo hutolewa kwa kipimo, kwa kuwa fundi ni yule anayeweza kuizuia fimbo yake isifike mwilini ilhali ingeweza kufika. Anayepandwa na hasira huharibu ngoma, na mji mzima unamwona.

Lamu ina pia goma, ambapo wanaume waliovaa kanzu husimama safu moja wakishika bakora na kwenda taratibu kwa mwendo mmoja. Hapo hakuna pambano, lakini somo ni lilelile. Wanaume kadhaa, kila mmoja na silaha mkononi, na hakuna anayemgusa mwenzake.

Kusini mwa Unguja, watu wa Makunduchi wana Mwaka Kogwa kila Julai, sherehe ya kuukaribisha mwaka mpya wa jadi. Wanaume wa pande mbili hupigana kwa migomba huku wanawake wakiimba. Mgomba unauma kidogo lakini hauvunji mfupa. Wenyeji husema ndiyo njia ya kutoa kinyongo cha mwaka uliopita ili mwaka mpya uanze na mioyo myepesi. Ni pambano lenye siku yake, uwanja wake, mashahidi wake na mwisho wake.

Mzazi wa leo anayehangaika na mtoto mwenye hasira anaweza kujiuliza ni wapi hasira hiyo ina siku, uwanja na mwisho. Kwa watoto wengi haina. Inaishia kwa mdogo wake, kwa mwanafunzi mnyonge darasani, au kwenye matusi ya simu.

Bagamoyo ina cha kurithi

Bagamoyo si mji wa kuambiwa utamaduni ni nini. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Dunda karibu na Bagamoyo, ndiye mwandishi mkuu wa kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichokusanywa na Mjerumani Carl Velten na kuchapishwa Ujerumani mwaka 1903. Humo yameelezwa mambo ya uzazi, malezi, jando, ngoma, ndoa na safari za bara kama watu wa pwani walivyoyaishi. Zaidi ya miaka 120 baadaye, mtu anayetaka kujua wazee walivyolea watoto ana mahali pa kuanzia kwa sababu mwenyeji alikaa akaandika.

Mji huohuo una TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981 na kupata jina la sasa mwaka 2007. Watoto wa Bagamoyo wamekua wakisikia ngoma za chuo hicho na kuona matamasha yake, ambapo makundi kutoka mikoa na nchi mbalimbali huja kucheza. Kwa hiyo mtoto wa hapa hana haja ya kuelezwa kwamba ngoma ni shule. Anachohitaji ni mtu mzima wa kumwambia kwamba hata fimbo ya babu nyuma ya mlango ina shule yake.

London nako waliisahau

Kuna wazazi watakaosema mambo ya fimbo ni ya kizamani na mtoto wa sasa anahitaji karate au taekwondo. Hayo ni mazuri. Lakini inafaa wajue yaliyotokea Ulaya.

Mwishoni mwa karne ya 19, bwana wa mjini London alitembea na fimbo kama mzee wa Bagamoyo alivyotembea na bakora. Mwaka 1898 mhandisi Mwingereza, Edward William Barton-Wright, alirudi nyumbani baada ya kuishi Japani. Alichanganya jujitsu aliyojifunza huko na ngumi, mateke ya Kifaransa na mapigano ya fimbo, akauita mchanganyiko huo Bartitsu, jina lililotokana na lake mwenyewe na jujitsu. Sehemu ya fimbo ilifundishwa na Mswisi Pierre Vigny.

Vigny hakutafuta nguvu. Alianzia kwenye ulinzi wa mkono, kwa kuwa mtu akipigwa vidole fimbo huanguka na mchezo umekwisha. Mkono uliwekwa juu na nyuma, adui akabaki hana cha kupiga. Kisha ilikuwa ni umbali, yaani kumshawishi mshambuliaji apige mahali usipokuwapo. Anayeijua kirumbizi hatashangaa.

Klabu ya Barton-Wright ilifungwa mwaka 1902. Mwaka uliofuata Arthur Conan Doyle, mtunzi wa hadithi za Sherlock Holmes, aliitaja kama sababu ya shujaa wake kuokoka, tena akakosea jina na kuandika baritsu. Fimbo zikatoka katika mitindo ya mavazi, waliojua wakafa, na kwa miongo mingi jina hilo likabaki kitendawili cha wasomaji wa hadithi.

Kilichoiokoa ni karatasi. Mwaka 1901 Barton-Wright alikuwa amechapisha katika jarida la Pearson's Magazine makala mbili za kujilinda kwa fimbo ya kutembelea, zenye picha za kila hatua. Karne moja baadaye wapenzi wa sanaa hizo walizikuta, wakazisambaza kwenye intaneti, wakashika fimbo na kujaribu picha moja baada ya nyingine. Mwaka 2002 wakaanzisha Bartitsu Society. Leo kuna watu Ulaya na Marekani wanaojifunza upya kitu ambacho babu zao walikuwa nacho wakakiacha.

Walilazimika kujifunza kutoka kwa picha zilizokufa. Mtoto wa pwani bado anaweza kujifunza kutoka kwa mtu aliye hai, na hiyo ni neema isiyodumu. Mzee mwenye miaka 80 leo hatakuwapo siku zote.

Misri na Oman hawakungoja

Wengine waliamka mapema. Misri wana tahtib, mchezo wa fimbo ndefu unaoonekana hata katika michoro ya makaburi ya zamani. Uliwahi kuwa sanaa ya vita, kisha ukageuka mchezo wa sherehe, hasa kusini mwa nchi. Mwaka 2016 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Wawili huingia uwanjani na fimbo zao muziki ukipigwa, na sharti kubwa ni kujidhibiti kabisa, kwa sababu kumpiga mwenzio hakuruhusiwi.

Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu wana ayyala, iliyoingizwa katika orodha hiyohiyo mwaka 2014. Safu mbili za wanaume hukabiliana wakiwa na fimbo nyembamba za mwanzi zinazowakilisha mikuki na mapanga, huku ngoma na mashairi vikiendelea. Familia za Bagamoyo na Unguja zenye ndugu Maskati zimeiona kwenye harusi au kwenye video za simu.

Katika nchi hizo fimbo imebaki mikononi mwa vijana kwa sababu watu wazima waliipa heshima. Hawakuiacha ikawa chombo cha adhabu tu.

Bakora ya adhabu na sheria inavyosema

Hapa ndipo penye jambo zito kwa mzazi wa Tanzania. Neno bakora lilihamia shuleni na nyumbani, likabaki huko. Lakini hata huko lina mipaka ambayo wazazi wengi hawaijui.

Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi 4. Mwenye mamlaka ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi. Msichana huadhibiwa na mwalimu wa kike, isipokuwa shule ikiwa haina mwalimu wa kike. Adhabu inapaswa kuandikwa katika kitabu maalumu. Mwalimu anayetembea na fimbo darasani na kumchapa kila anayekosea hesabu hafuati kanuni hizo, na mzazi ana haki ya kwenda kuuliza kwa upole na kuomba kuona kitabu.

Nyumbani nako kuna sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 13, inakataza kumtesa mtoto au kumpa adhabu ya kikatili. Inasema pia kwamba hakuna namna ya kumrekebisha mtoto inayokubalika ikiwa imepita kiasi kwa umri wake na hali ya mwili na akili yake. Mzazi aliyemtoa mtoto damu hawezi kujitetea kwa kusema yeye ndiye aliyemzaa.

Lakini suala si sheria pekee. Mtoto aliyeijua fimbo kama kitu cha mwenye nguvu kumpiga asiye na nguvu ameshafundishwa somo. Siku atakapokuwa na nguvu, atalitumia. Atalitumia kwa mdogo wake, baadaye kwa mkewe. Siku ya kelele za "Mwizi! Mwizi!" mtaani, ataokota gongo na kukimbilia kwenye kundi. Watu wameuawa hivyo katika mitaa yetu, wengine wakiwa hawajaiba chochote.

Mtoto aliyefundishwa fimbo kwa njia ya mchezo amejifunza kinyume chake. Anajua uzito wa pigo kwa sababu amelipokea. Anajua kusimamisha mkono kwa sababu amefanya hivyo mara mia. Na hana haja ya kuthibitisha uanaume wake juu ya mtu aliyelala chini.

Kujilinda kuna kipimo

Methali inasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Wazazi huitumia kuhimiza kujitegemea, lakini ina maana ya moja kwa moja pia kwamba msaada uliopo karibu ndio unaookoa. Binti anayetoka kwenye daladala Mapinga jua limezama, kijana anayewahi ufukweni alfajiri boti zikirudi na samaki, bibi anayekwenda sokoni peke yake, wote wana haki ya kujilinda.

Sheria inakubali hivyo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inampa kila mtu haki ya kujitetea mwenyewe, kumtetea mwingine na kutetea mali. Hapohapo inaweka kipimo kwamba nguvu itumike kwa kiasi kinachohitajika tu. Anayevuka kipimo anawajibika kwa kosa lililotokea, na nguvu iliyopita kiasi ikisababisha kifo, aliyejitetea atakuwa na hatia ya kuua bila kukusudia.

Kwa hiyo mzazi anayemfundisha mwanawe kujilinda amfundishe na mwisho wake. Mshambuliaji akikimbia, pambano limekwisha. Akianguka, limekwisha. Akiangusha kisu na kuinua mikono, limekwisha. Pigo linalofuata baada ya hapo si la kujilinda tena, na familia nzima inaweza kulilipa kwa miaka.

Na kabla ya fimbo yoyote kuna hatua tatu anazopaswa kuzijua kila mtoto: kuona mapema, kuondoka mapema, na kupiga kelele bila haya. Simu ikitakiwa na mtu mwenye panga, itolewe. Simu hununuliwa tena.

Mabinti wasiachwe nje

Ngoma nyingi za fimbo zilikuwa za wanaume, na wako wazee watakaosema ziendelee hivyo kwenye sherehe. Hilo ni lao. Lakini kujilinda hakuna jinsia. London ileile ya Barton-Wright ilikuwa na mwalimu mwanamke aliyejulikana kama Miss Sanderson, mke wa Vigny, aliyewafundisha wanawake kujikinga kwa mwavuli. Miaka michache baadaye, karibu mwaka 1913, Edith Garrud aliwafundisha jujitsu wanawake waliokuwa wakidai haki ya kupiga kura, ili waweze kuwalinda viongozi wao wasikamatwe.

Mwavuli unabebwa pwani hii kwa jua na kwa mvua. Binti anayejua kuunyoosha mbele yake kwa mikono miwili, akaweka umbali kati yake na mtu anayemsogelea, huku akipaza sauti na kurudi nyuma kuelekea kwenye watu, tayari ana elimu kubwa. Hahitaji misuli kwa hilo. Anahitaji kuwa amelijaribu mara kadhaa uani nyumbani, na baba au kaka akijifanya ndiye mshambuliaji.

Namna ya kuanza nyumbani

Mzazi asiyejua lolote anaweza kuanza Jumamosi hii. Kwa watoto wa miaka 6 hadi 10, gazeti lililokunjwa vizuri na kufungwa kwa selotepu linatosha. Linatoa sauti, haliumizi. Wakubwa zaidi wanaweza kutumia ufito mwepesi wa mwanzi au henzirani uliolainishwa ncha, wakivaa kofia ngumu ya baiskeli na glavu.

Zoezi la kwanza ni umbali. Wawili wasimame wakitazamana, mmoja asogee, mwingine arudi nyuma kiasi kilekile, fimbo zikiwa chini. Dakika tano tu. Mtoto atagundua kwamba miguu ndiyo inayomwokoa.

La pili ni kupokea. Mmoja apeleke pigo polepole kutoka juu, kulia, kushoto. Mwingine alipokee kwa fimbo yake. Mwendo uongezeke pale tu wote wawili wanapocheka bado.

La tatu ndilo gumu na ndilo lenye thamani kuliko yote. Mtoto apige kwa kasi na kusimamisha fimbo kiganja kimoja kabla ya kugusa mti au mto wa kulalia uliotundikwa. Asiyeweza kusimamisha bado hajaruhusiwa kucheza na mwenzake.

Kanuni za nyumba ziwe chache na zisivunjwe. Hakuna pigo la usoni, shingoni wala kisogoni. Neno "basi" likitamkwa, fimbo zote zinashuka. Aliyekasirika anakaa nje hadi apoe, na hakuna wa kumcheka. Mwishoni wanapeana mikono. Fimbo ya mchezo isitumike kamwe kumchapa mtoto, kwa sababu siku itakapotumika hivyo, mchezo umekufa.

Bakora ya babu na bibi

Katika nyumba hiyohiyo yuko mzee anayetembea akishika ukuta. Wengi hukataa mkongojo kwa sababu wanaona umewatangaza kuwa wamezeeka. Kumnunulia bakora nzuri ni tofauti na kumpa gongo la kuokoteza. Ya kwanza anaivalia kanzu, ya pili anaificha nyuma ya mlango.

Kipimo chake ni rahisi. Mzee asimame wima amevaa viatu vyake, mikono imening'inia. Mpini wa fimbo ufike usawa wa kifundo cha mkono, ili akiishika kiwiko kipinde kidogo. Ikiwa ndefu mno, bega linapanda. Ikiwa fupi mno, mgongo unainama.

Mguu mbovu ukiwa wa kulia, fimbo ishikwe mkono wa kushoto. Wengi hufanya kinyume. Fimbo na mguu mbovu viende mbele pamoja, kisha mguu mzima ufuate. Kwenye ngazi, kupanda kunaanza na mguu mzima, kushuka kunaanza na fimbo na mguu mbovu. Chini ya fimbo kuwe na kipande cha mpira, na kibadilishwe kikiisha, kwa kuwa mti mtupu unateleza kwenye vigae vilivyolowa. Mzee anayeanguka mara kwa mara, au anayepata kizunguzungu, apelekwe kituo cha afya. Fimbo haitibu hayo.

Mjukuu akiwa ndiye aliyepima urefu na kubandika mpira, kazi mbili zimefanyika kwa mpigo mmoja. Babu amepata mguu wa tatu, na mtoto ameishika bakora kwa mara ya kwanza bila kuogopa.

Kazi ya simu ya mzazi

Simu inayosomewa ukurasa huu ina kamera. Barton-Wright alihitaji mpiga picha na mhariri wa jarida ili mafunzo yake yaishi miaka mia. Mzazi wa leo anahitaji alasiri moja.

Mtoto amwendee mzee wa nyumba au wa jirani kwa adabu. "Shikamoo babu." "Marahaba mjukuu wangu." Kisha aulize: Babu, bakora hii ni ya mti gani? Nani alikupa? Ulipokuwa kijana, mlicheza fimbo kwenye harusi? Mlisimamaje? Mlikatazwa kupiga wapi? Baba au mama arekodi bila kuingilia. Ikiwa mzee yuko tayari kusimama na kuonyesha, miguu yake ionekane kwenye picha, si uso tu, kwa sababu elimu iko miguuni.

Wako watakaosema hawakumbuki. Wako watakaocheka na kusema hayo yalikuwa mambo ya ujana. Na yupo mmoja katika kila mtaa atakayenyamaza kidogo, akanyanyuka taratibu, akaigeuza bakora mkononi mara moja, na mtoto akafungua mdomo wazi. Huyo ndiye wa kurudiwa wiki ijayo, na watoto wa jirani wakiwamo.